Wifi Yangu na Nafasi ya Kijiti

Wifi yangu alikuja kwetu na sanduku la bati na kitana cha mbao, mwaka ule ule nilioolewa. Mume wangu alikuwa kaka yake mkubwa, na wazazi wao walikuwa wameshatangulia. Shule ilikuwa imemshinda, au yeye ndiye aliyeishinda. Hilo hatujakubaliana mpaka leo. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari, nimetoka chuoni juzijuzi, na niliamini hakuna mtoto asiyefundishika. Nikamkalisha mezani na kitabu cha hesabu. Yeye akawa ananitazama kichwani.

"Wifi," akaniambia, "aliyekusuka alikuwa anakimbilia wapi? Mistari imepinda kama njia ya mbuzi."

Kabla hatujamaliza sura ya kwanza ya kile kitabu, nilikuwa nimekaa chini sakafuni, kichwa changu katikati ya magoti yake, naye ananifumua na kunisuka upya.

Ndivyo alivyoanza. Alisuka barazani kwetu, akahamia chini ya paa la duka la jirani, mwishowe akapata chumba chake mwenyewe ng'ambo ya barabara, kinachotazamana na ukuta wa uwanja wa mpira wa magongo. Chumba chenyewe si kikubwa. Viti viwili vya kuzunguka, kimoja kimekataa kuzunguka. Kioo chenye ufa pembeni. Mashine ya kukaushia nywele, ile ya kofia kubwa. Na benchi la wanaosubiri, ambao wengi wao hawasubiri chochote. Watu wakamwita Dada Kitana. Ndoa alijaribu, haikukaa. Mtoto hakujaliwa. Akiulizwa husema, "Watoto ninao mtaa mzima, nawashika vichwa."

Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani simjui, au sikumpenda. Nilimpenda. Siku aliyofiwa na kaka yake ndiyo siku niliyofiwa na mume, na tulilala kitanda kimoja mpaka wageni wa msiba wakaisha nyumbani.

Mume wangu alikuwa mpimaji wa ardhi, lakini kilichomjulisha kwa watu si kupima ardhi. Siku za mapumziko alikuwa refa wa mpira wa magongo, na mtaa ulimwita Filimbi. Katika mchezo huu goli halihesabiwi kama mpira haukupigwa ndani ya duara lililo mbele ya lango. Mwaka ambao Nyigu, timu ya wanawake ya mtaa wetu, ilifika fainali kwa mara ya kwanza, walifunga goli dakika za mwisho, uwanja ukalipuka, watu wakavua mashati. Filimbi akanyoosha mkono: mpira umepigwa nje ya duara. Hakuna goli. Walimsindikiza mpaka mlangoni kwetu kwa matusi. Kesho yake alikwenda dukani kununua maziwa kama kawaida, akasalimia kila mtu, akasubiri zamu yake. Miaka ikapita, na watu wale wale, wakitaka kumsifu mtu kwa haki, wakawa wanasema, "Huyo ni Filimbi." Hakutuachia shamba wala nyumba ya kupangisha. Alituachia hilo.

Na alituachia kitinda mimba wetu, binti mwembamba kama ufito, ambaye wenzake walimwita Kijiti kabla hajajua kufunga viatu. Alimzoea shangazi yake kuliko alivyonizoea mimi. Mimi nilikuwa shuleni nikifundisha watoto wa wenzangu. Yeye alikuwa saluni akichezea kopo la mafuta kwa fimbo ya ufagio, analipiga kutoka mlangoni hadi kwenye kiti kibovu. Alipokua akaingia timu ya vijana ya Nyigu, winga wa kushoto. Wifi hakuwahi kukosa mechi yake hata moja, na hakuwahi kuuelewa mchezo. Kona fupi aliiita "ile ya kujipanga kama foleni ya bomba." Refa akipuliza filimbi, alipiga makofi kwanza ndipo akauliza ni kwa nani.

Kwa kuwa saluni ilitazamana na uwanja, ndiko mashabiki wa kike walikohamia. Na kwa kuwa Kocha wa Nyigu naye ni mwanamke mwenye nywele, ndiko naye alikosukwa. Kabla ya kila msimu alikuja kusukwa mistari ile nyembamba ya kuchukua siku nzima, akasema anataka kichwa ambacho hatakifikiria tena mpaka ligi iishe. Mwaka mmoja shabiki alimkalia ubavuni kuanzia asubuhi, akimwimbia sifa za mchezaji fulani. Kocha alitoka amesukwa nusu. Wifi akaweka kanuni: Kocha akiwa kitini, mpira hautajwi. Picha ya timu iliyo ukutani inafunikwa taulo. Atakayetaja jina la mchezaji anatoka, na anatoka alivyo. Kuna mkwe wa diwani alidhani anatishiwa tu, akataja jina. Akavuka soko upande mmoja umesukwa, mwingine umesimama wima kama jogoo aliyekasirika. Tangu hapo wiki ya Kocha wanawake walikaa kwenye lile benchi wakizungumzia bei ya vitunguu, huku macho yakiwatoka kwa yale waliyokuwa wanayameza.

Mimi ndiye niliyeisifu kanuni ile kuliko wote. Nilimwambia wifi, "Hapo umefanya kazi ya kaka yako." Alicheka, lakini niliona imemwingia.

Mwaka huu Kijiti alipandishwa kufanya mazoezi na wakubwa. Msimu wa Nyigu hufunguliwa kwa mechi ya maandalizi na timu ngeni, na kwa desturi yao aliyepewa jezi ya mechi hiyo ndiye anayeanza ligi. Nafasi ya winga wa kushoto ilikuwa na mwenyewe, mchezaji wa miaka mingi tuliyemwita Treni. Kwa hiyo mjadala wa saluni ukawa mmoja tu: Treni au Kijiti?

Jumamosi moja kabla ya jezi kugawiwa nilikuwa kitini nasukwa, shingo nimeinamishwa, na yote niliyoyasikia niliyasikia nikitazama magoti yangu mwenyewe. Kwenye benchi alikuwapo Nesi wa zahanati, mwanamke wa kicheko kikubwa, na Karani wa mahakama, ambaye hata salamu huitoa kama hukumu. Karani alikuwa amepanga timu nzima kwa vibanio vya nywele.

"Langoni hakuna mjadala," alisema Karani. "Ukuta."

"Ukuta gani? Mwaka jana ulikuwa pazia," Nesi akajibu. "Tuliingiziwa mpaka na vipofu."

"Kati hawa watatu. Kulia huyu. Kushoto, Treni."

Nikasikia kibanio kikisukumwa. "Mtoe huyo," alisema Nesi. "Treni siku hizi ni la mizigo. Linafika, lakini umeshasahau ulikuwa unasubiri nini. Goti lake nimelifunga bandeji mimi mwenyewe."

"We! Hizo si siri za wagonjwa?"

"Siri gani, na anachechemea mbele ya mtaa mzima? Mweke Kijiti. Mtoto ana mbio, anapita na mpira nyuma ya gongo mpaka beki anamtafuta mfukoni."

"Mbio anazo, sikatai," Karani alisema. "Lakini akiingia kwenye duara anauliza njia. Anafika pale, anasimama, anatazama kama mgeni aliyeshuka kituo kisicho chake. Treni hata kwa goti moja anajua lango liko wapi. Mwakani, labda. Ngoma ikivuma sana hupasuka, mwenzangu."

"Mwakani, mwakani! Tulikuwa tunamwambia hivyo Treni enzi zake?"

"Mwalimu yuko hapa hapa," Karani akasema. "Mwalimu, wewe unasemaje?"

"Mimi ni mama yake," nikajibu nikitazama magoti yangu. "Mama hapangi kikosi."

"Hapo ndipo ninapokupendea," alisema Karani. "Hiyo ndiyo nyumba ya Filimbi."

Wifi hakuwa amesema neno, jambo ambalo si la kawaida yake. Alisubiri wenzake watoke, akauvuta mstari wa mwisho mpaka macho yangu yakapanda.

"Na akiachwa?" aliniuliza.

"Akiachwa, ameachwa. Atajitahidi mwakani."

"Wewe humwoni, wifi. Unarudi amelala, unaondoka amelala. Mimi namwona. Anakuja hapa hajala, anauliza kama nimesikia lolote."

"Basi mlishe. Kikosi mwachie Kocha. Anakuja lini kusukwa?"

"Wiki ijayo."

"Na kanuni ni ile ile?"

Akanigeuzia kioo nitazame kazi yake. "Kanuni yangu mwenyewe, niivunje mimi?" alisema.

Kocha akaja, akasukwa, akaondoka. Nilipita mlangoni siku hiyo nikitoka shule, nikaona taulo limefunika picha, nikafurahi.

Jezi zilitolewa uwanjani jioni, mbele ya yeyote aliyetaka kuja. Nyigu hawasomi majina. Wachezaji hujipanga kando ya ukuta, Kocha hutembea na mfuko begani, akifika kwa mtu anasimama, anatoa jezi, anaendelea. Asiyepewa hupitwa tu. Alimpita Treni. Mwanamke mzima, nahodha wa zamani, akapitwa kama nguzo ya umeme, na hakupepesa jicho. Akafika kwa Kijiti, akasimama.

Mwanangu alivuka uwanja akikimbia, jezi ameikumbatia, hata gongo ameliacha nyuma. "Mama! Mama, kushoto! Nimepewa kushoto!"

Mimi si mtu wa kurukaruka mbele za watu. Nilimwambia, "Hongera. Sasa ndiyo kazi inaanza." Lakini moyoni nilikuwa nazungumza na baba yake. Nilimwambia: ameingia kwa mlango wa mbele.

Nikavuka barabara kwenda kumpa wifi habari, ingawa nilijua ameshaiona kutoka dirishani. Saluni ilikuwa imejaa. Niliposalimia, waliitikia kwa sauti ndogo.

"Hongera, Mwalimu," alisema Karani. "Chanda chema huvikwa pete."

"Ahsante."

"Na kisipokuwa chema kinaombewa."

Nesi akamgusa bega. "Karani, tuliongea nini? Tuliongea nini?"

"Tuliongea nisiseme. Nimesema. Treni nimesoma naye darasa moja, amepitwa mbele ya watu kama gunia, nami ninyamaze? Mweleze Mwalimu ulichosikia, kama hukukitia chumvi."

Nesi alikuwa amekunja uso kama mtu aliyemeza dawa yake mwenyewe. Akaeleza. Siku ya Kocha alikuwa chini ya ile kofia ya kukaushia, umeme ukakatika. Wengine wakatoka nje kupunga upepo. Yeye akabaki ndani ya kofia, macho amefumba, maana alitoka zamu na usingizi ulikuwa umemshika. Waliokuwa ndani wakasahau kwamba mashine iliyozimika haizibi masikio.

"Dada Kitana akamwambia Kocha," alisema Nesi, "mtoto yule hana baba. Akasema, kaka yangu alipuliza filimbi kwenye uwanja wenu mpaka pumzi ikamwishia, na timu hii haijawahi kwenda hata kufagia kaburi lake. Akasema, mama yake ni mjane, ana kiburi, hawezi kuomba. Mimi naomba. Mfute machozi huyo mjane."

Nilikuwa nimeshika mlango. Nakumbuka mbao zake zilikuwa za moto kwa jua.

"Mimi nilimwambia Karani tu," aliongeza Nesi, "kwa uzuri, nikiona ni jambo la huruma."

"Kumwambia Karani ni kumwaga mtama kwenye kuku wengi," mtu mmoja akasema nyuma yangu, na wawili watatu wakacheka, kisha wakaacha.

Nikamtazama wifi kwenye kioo. Alikuwa anasuka, vidole haviachi.

"Umesema au hukusema?"

"Nimesema."

"Na kanuni?"

"Kanuni ilikuwa ya watu wa nje, wifi. Yule ni damu yangu."

Kama angekana, ningemwamini yeye nikamwacha Nesi na usingizi wake. Kama angelia, sijui. Alisema vile, akachukua uzi mwingine, akamwambia mteja, "Inama kidogo."

Nilikwenda nyumbani. Kijiti alikuwa chumbani amevaa jezi juu ya sare ya mazoezi, anajitazama kwenye kioo kwa mgongo ili aone namba. Nilifikiri nimwache alale na furaha yake usiku mmoja. Lakini mtaa wetu si wa kuficha kitu mpaka asubuhi, na nilitaka alisikie kwa mdomo wangu, si kwa mdomo wa Karani. Nikamkalisha kitandani nikamweleza, bila kupunguza na bila kuongeza.

Hakulia. Aliuliza swali ambalo mimi, pamoja na usomi wangu, sikuwa nimeliuliza.

"Na Kocha alimjibu nini shangazi?"

"Nesi hakusema."

"Basi labda alikuwa ameshanichagua."

"Labda."

"Twende tukamuulize. Twende wote, ili usikie mwenyewe."

Tulimkuta Kocha kwenye stoo ya uwanja, kesho yake kabla ya mazoezi, amezungukwa na magamba ya walinda lango, yale ya kukinga miguu, yanayonuka jasho la msimu uliopita, anazungushia gongo utepe mpya kwenye mshiko. Nywele zake zilikuwa nzuri kweli. Kila mstari ulinyooka kama uliochorwa kwa rula. Kijiti alimwamkia, akauliza waziwazi. Alisema, "Kocha, ungenipa jezi kama shangazi asingesema?"

Kocha aliendelea kuzungusha utepe mpaka ukaisha. Akaukata kwa meno.

"Nilikuwa kati yenu wawili," alisema. "Wiki nzima. Asubuhi nasema Treni, jioni nasema Kijiti. Nilipokaa kwenye kile kiti nilikuwa bado sijaamua."

"Na ulipotoka?"

"Nilipotoka nilikuwa nimeamua."

"Kwa sababu ya maneno yake?"

"Mwanangu, sijui. Ningekuwa mwongo nikikwambia hayakuniingia. Ningekuwa mwongo pia nikikwambia ndiyo yaliyoamua. Una mbio, una mkono mzuri, na goti la Treni ni bovu. Hilo nalijua. Lakini mtu ameshika kichwa chako siku nzima, anakutajia kaburi, halafu uniulize kipi kilitoka kwenye akili na kipi kilitoka kwenye moyo?" Akatikisa kichwa. "Vaa jezi, ucheze. Ukifunga, watasahau."

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa tulichofanyiwa. Mpaka dakika ile nilidhani wifi ameliuza jina la kaka yake, na hilo lilitosha kuniumiza. Lakini alikuwa amechukua kitu kingine, ambacho hata angetaka kukirudisha asingeweza. Alikuwa amechukua uwezo wa mwanangu kujua. Kijiti angefunga magoli mpaka nyavu zichanike, bado asingejua kama ile nafasi ilikuwa yake au ya baba yake marehemu. Hata Kocha hajui. Hakuna refa wa kulipulizia filimbi jambo kama hilo.

Kijiti aliikunja jezi vizuri, mikono ndani, kama nilivyomfundisha kukunja sare. Akaiweka juu ya yale magamba.

"Mpe Treni," alisema.

"Treni hapokei jezi iliyovuliwa na mtoto. Unamjua."

"Basi mpe yeyote."

Nilimwona Kocha akinitazama, akingoja niseme neno la mama. Sikulisema. Sikumwagiza binti yangu airudishe, na sikumzuia. Tulipofika nje alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa mdogo, akauachia tulipofika karibu na watu.

Mtaani haikusaidia. Waliokuwa wakisema jezi ya kuombewa, sasa wakasema, "Nyumba ile ina maringo, hata wakipewa hawataki." Nesi alikuja na maziwa kuomba radhi. Karani hakuja, lakini alipokutana nami sokoni alinipisha njia.

Wifi alikuja jioni ya siku ile ile jezi iliporudi kwa Kocha, kwa mlango wa jikoni, kama anavyokuja siku zote. Nilikuwa napembua mchele. Hakukaa.

"Umemvua mtoto jezi," alisema.

"Umemvua wewe. Mbele ya Nesi."

"Kumbe kosa langu ni Nesi? Kama Nesi angekuwa amelala kweli, ungekuwa unacheka sasa hivi."

"Ningekuwa nacheka kama mjinga, kwa kitu nisichokijua. Ndicho unachonitakia?"

"Ninachomtakia ni acheze! Wifi, watu wote wanasemewa. Yule wa kulia mjomba wake yuko kwenye kamati. Ukuta alipelekwa na mke wa mchungaji. Wa kwetu peke yake ndiye akae asubiri haki ishuke kutoka mbinguni? Jina, jina, jina. Jina linavaa jezi? Jina linapiga mpira?"

"Hilo jina ndilo lililokupa la kusema kwa Kocha. Ungekuwa huna kaka anayeheshimika, ungemwombea kwa kitu gani? Ulilichukua, ukalitumia, sasa unaniambia halina kazi."

Kisha akasema neno ambalo sijui kama alilipanga njiani au lilimtoka tu. "Alikuwa kaka yangu kabla hajawa mume wako."

"Basi ulikuwa na haki zaidi ya kumwacha apumzike," nikamwambia. "Na mimi? Nani alikutuma kunililia? Nimekaa mjane miaka yote hii, sijamwendea mtu nikamwonyesha macho yangu. Umekwenda ukamwonyesha Kocha macho niliyoyaficha hata kwa watoto wangu. Uliyaona kwa sababu tulilala kitanda kimoja. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nawafundisha watoto methali hiyo, sikujua naifundisha nini."

Alitazama mikono yake. Vidole vya msusi huwa na alama za uzi kwenye viungo, haziondoki hata akioga kwa maji ya moto. "Nilidhani nakusaidia," alisema.

"Najua ulidhani hivyo."

Kama ningekuwa simjui, ningesema alifanya kwa hila, na ningekuwa na raha ya kumchukia. Lakini hakuwa na hila. Alifanya kwa mapenzi, na ndiyo maana siwezi hata kumshtaki kwa watu; nikieleza kisa chetu, wote humhurumia yeye. Usaliti wa adui una dawa. Huu wa mtu anayekupenda, unamrudishia nani?

Kijiti alikaa benchi mechi ya maandalizi, na mechi kadhaa za ligi. Treni alicheza, kwa jezi yake ya msimu uliopita, goti lilimshika katikati ya msimu, na Kocha akamwita Kijiti achukue nafasi. Alikataa. Alisema nafasi hiyo ina maneno ndani yake. Alikwenda kumuaga shangazi yake, nilimwona akivuka barabara, na alikaa kule muda mrefu. Walichozungumza sikuambiwa na sikuuliza. Kisha akapanda basi na begi lake kwenda mji mwingine, ambako mwanafunzi wangu wa zamani alikuwa amesikia kiwanda kinatafuta mtu wa mapokezi. Nilisema waziwazi kwa yule mwanafunzi: mwelekeze mlango ulipo, usimwombee. Alikwenda akafanya usaili kama wengine, akapata.

Nyumba ikawa kubwa. Nywele zangu nazikata fupi sasa, kinyozi wa wanaume ananinyoa kwa mashine bila kunigusa kwa vidole. Wifi na mimi tunasalimiana. Msiba ukitokea tunakaa mkeka mmoja, na hakuna mgeni anayeweza kugundua kitu. Nyumba yetu haitoi vita vyake nje.

Jumapili iliyopita simu ikalia nikiwa nafunga mlango niende sokoni. Alikuwa Kijiti, anahema kama aliyetoka kukimbia.

"Mama, kiwanda kina timu. Niliwaambia nacheza, wakaniambia nijaribu. Leo wametoa kikosi cha maandalizi."

"Na?"

"Kushoto. Kikosi cha kwanza."

"Nani amekupanga?"

"Kocha wao, mzee mmoja mkali. Mama, hata jina langu hajalishika vizuri, ananiita 'wewe wa mapokezi'. Hamjui baba. Hamjui mtu yeyote wa kwetu." Akacheka, na katika kicheko kile nilimsikia mtoto wa lile kopo la mafuta. "Amenipanga kwa sababu nimewapita mabeki wake wote, basi."

Nilisimama pale mlangoni, simu imeshakatika, bado nimeishika sikioni. Ng'ambo ya barabara wifi alikuwa anamwaga maji ya kuoshea nywele mbele ya saluni. Aliniona. Alijipangusa mikono kwenye aproni, akanyoosha shingo kama mtu anayetaka kuuliza na anaogopa kuuliza. Ndani kwake walikuwa wakibishana kuhusu kikosi cha Nyigu, sauti ya Nesi juu ya zote. Kwa mara ya kwanza tangu chumba kile kifunguliwe, mimi ndiye niliyekuwa na habari ya mpira ambayo wao hawakuwa nayo.

"Wifi," aliita, "mtoto anaendeleaje?"

"Mzima," nilimjibu.

Alisubiri kidogo, aone kama lipo la kuongeza. Nikachukua kikapu changu, nikaenda zangu sokoni.